Kilima cha Mbomole: Kutoka Bunduki hadi Darubini

Upepo wa kusi unapovuka Bahari ya Hindi na kuingia pwani ya Tanga, milima ya Usambara Mashariki ndiyo ya kwanza kuuzuia. Hewa yenye unyevu hupanda mabonde, hupoa, na maji yake hudondoka hapo hapo. Ndiyo maana Amani, iliyo kwenye kimo cha mita 900 hivi, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na msitu wake hubaki kijani hata wakati nyasi za Muheza huko chini zimekauka kwa jua. Maji hayo hushuka na Mto Zigi hadi bwawa la Mabayani, nasi watu wa Tanga mjini huyakinga bombani.

Karibu na nyumba kongwe za Amani kipo kilima kiitwacho Mbomole. Si kilima cha kupigia picha. Njia yake ni nyembamba na inateleza, ukungu hukaa juu yake hata saa nne asubuhi, na upepo wa kusi ukishika kasi matawi hugongana juu ya kichwa hadi usisikie anachosema mwenzako. Mimi ni mhasibu wa Tanga mjini, na ndege si kazi yangu. Lakini nikipata likizo napanda Mbomole na darubini shingoni, na daftari ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe. Nimekipenda kilima hiki kwa sababu ya ndege wake, kisha nikakipenda zaidi nilipoijua historia yake. Mengi tunayoyajua leo kuhusu ndege wa milima yetu yalianzia hapa, na walioyaanzisha hawakuwa mabingwa wa vyuo vikuu. Walikuwa watu wenye kazi nyingine, waliokubali kukaa mahali pamoja na kungoja.

Tuanze na Wajerumani. Katika miaka ya 1890 walipanda huku wakitafuta ardhi ya kahawa. Wakafyeka msitu Derema na Nguelo, wakapanda mibuni, na mibuni ikawashinda, kwa kuwa rutuba ya msitu huu imo katika majani yanayooza juu ya ardhi na si katika udongo wenyewe. Ukiondoa miti, umeondoa na mbolea. Mwaka 1902 wakaanzisha Amani taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann. Walileta miche kutoka pande zote za dunia: mikwinini ya kutengenezea dawa ya malaria, mipira, mikafuri, miti ya mbao na ya viungo. Reli nyembamba ikajengwa kutoka Tengeni hadi Sigi ili kuteremsha magogo. Mizigo ilibebwa kwa vichwa na mabega ya Wasambaa, Wabondei na vibarua waliotoka mbali zaidi, na majina yao hayakuwekwa kwenye ramani yoyote.

Miongoni mwa wataalamu wa taasisi hiyo alikuwapo Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama. Bundi mkubwa wa msitu huu, mwenye sauti nzito ya kunguruma usiku, aliingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1908, pale Anton Reichenow wa Berlin alipomwandika na kumpa jina la Vosseler. Hivyo ndivyo ndege alivyojulikana enzi hizo: alianguka kwanza, ndipo akaandikwa.

Kazi hiyo ilikuwa na ufundi wake, na inafaa ielezwe. Ndege mdogo alipigwa kwa marisau, yaani risasi ndogo mno, ili asichanike. Kisha alichunwa kwa uangalifu, ngozi ikatolewa nzima pamoja na manyoya, mdomo na miguu. Kwa ndani ikapakwa arseniki isiliwe na wadudu, ikajazwa pamba, ikashonwa tumboni. Mguuni ikafungwa karatasi ndogo: mahali, tarehe, kimo, dume au jike. Katika unyevu wa Amani kuikausha ngozi kulihitaji moto wa taratibu na jicho lisilolala, maana siku moja ya uzembe ilitosha kuiozesha. Ngozi ikasafirishwa Berlin au London, na huko mtu ambaye pengine hajawahi kuikanyaga Tanga akaamua ni ndege gani. Ngozi hizo zina thamani hadi leo. Lakini ngozi haiwezi kukuambia ndege anakula nini, anaimba wakati gani, wala anawaleaje watoto wake.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, Amani ilibaki imetengwa na Ujerumani, ikazalisha kwinini na mahitaji mengine kwa ajili ya vita. Mwaka 1916 Waingereza wakaichukua, na kwa miaka kadhaa ikadorora. Ilipofufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 ikiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki, iliajiriwa timu mpya, na ndani ya timu hiyo akaja karani mmoja aliyebadilisha mambo.

Jina lake Reginald Moreau. Alizaliwa Uingereza mwaka 1897, na akiwa kijana mdogo aliingia katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi. Hakusoma chuo kikuu. Akashikwa na baridi yabisi, ugonjwa wa viungo uliomtesa maisha yake yote, na mwaka 1920 akahamishiwa Cairo, ambako hewa kavu ilitarajiwa kumpa nafuu. Huko Misri, siku za mapumziko, alianza kutembea jangwani akiangalia ndege wanaohama. Huko pia alimpata mkewe, Winifred, aliyekuja kuwa mwenzake katika kazi hiyo. Mwaka 1928 wakapanda Amani, yeye akiwa mtu wa maktaba na shughuli za ofisi. Walikaa hadi 1946.

Nadhani msomaji anaona kwa nini habari za mtu huyu zinanigusa. Mkaguzi wa hesabu mwenye viungo vinavyouma amepangiwa kuishi katika mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi Tanganyika. Angeweza kukaa ofisini na kungoja likizo ya kwenda kwao. Badala yake alifungua daftari. Tabia ya mhasibu ni kutaka kila kitu kiandikwe siku kilipotokea, kwa sababu kumbukumbu ya kichwani hujipendelea. Moreau aliihamisha tabia hiyo ndani ya msitu.

Hakuwa peke yake. Aliyemjulisha msitu ni Salimu Asmani, mkusanyaji wa ndege aliyefanya kazi naye kwa miaka mingi. Mtu kama Salimu alijua mengi kabla hajaulizwa: ndege yupi anafuata siafu ili adake wadudu wanaokimbia, yupi hashuki chini ya vilele vya miti, mlio upi ni wa dume na upi ni wa kinda anayeomba chakula. Moreau alikuwa na maswali na kalamu. Salimu alikuwa na sikio, jicho na mguu usiochoka. Sehemu kubwa ya walichokipata isingewezekana kama mmojawapo asingekuwapo.

Matokeo yalikuja haraka. Ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu mwembamba na rangi ya kutu kichwani alipatikana Amani, na mwaka 1931 William Sclater wa London akamwandika kwa jina la Moreau. Leo anaitwa Artisornis moreaui, na ni miongoni mwa ndege adimu kabisa barani Afrika. Miaka miwili baadaye chozi mmoja wa milimani naye akapewa jina hilo hilo. Mwaka 1938 Moreau mwenyewe alimwandika ndege wa Uluguru mwenye kichwa na kifua chekundu cha kutu, akampa jina la mkewe, Winifred. Hakuna hata mmoja kati ya hawa watatu anayeitwa kwa jina la Salimu. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu majina ya ndege ni kama daftari la mahudhurio, na daftari hili limeacha watu waliohudhuria kila siku.

Hata hivyo, majina mapya hayakuwa zawadi kubwa ya Amani. Zawadi kubwa ilikuwa badiliko la desturi: ndege aliyekuwa akipigwa risasi akaanza kukaliwa chini ya kiota chake.

Mfano mzuri ni hondohondo wa Amani, yule mkubwa mweusi mwenye pembe ya rangi ya maziwa juu ya mdomo, ambaye mabawa yake yakipita juu ya msitu huvuma hadi ukainamisha kichwa. Jike huingia ndani ya tundu la mti mrefu, na mlango huzibwa kwa udongo hadi ukabaki ufa wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Udongo huo dume huuleta kooni, akautoa vidonge vidonge na kumkabidhi mkewe. Humo ndani jike hutaga, huatamia na kulea, na kwa muda wote huo chakula chake na cha kinda hutoka kwa dume peke yake. Akina Moreau na wasaidizi wao wa Kiafrika walikaa chini ya miti hiyo wakiandika saa ya kila ujio na kukadiria matunda yaliyoletwa. Kwa kiota kimoja walipata makisio ya matunda 24,000, katika safari 1,600 hivi, kwa muda wa siku 120.

Niliposoma hesabu hiyo niliisoma kwa jicho la kazi yangu. Nyuma ya tarakimu zile kuna watu waliokaa tangu alfajiri, manyunyu yakiwashukia mgongoni, shingo zikiuma kwa kutazama juu, na hawakuondoka. Dume angekuja wakati mwangalizi amekwenda kuota moto, safari hiyo isingeingia kwenye hesabu. Hakuna chombo cha thamani kilichotumika hapo. Kilichotumika ni saa, penseli na uvumilivu.

Kutokana na daftari za namna hiyo Moreau alijenga hoja zilizofika mbali. Mwaka 1944 alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ndege wa Afrika hutaga mayai machache kuliko jamaa zao wa nchi za baridi, na wanasayansi wanaendelea kujadili sababu zake hadi leo. Aliuliza pia kwa nini ndege wa msitu wanaofanana wanaishi kwenye milima iliyotengana kwa nyika kavu ambazo hawawezi kuzivuka. Jibu lake lilikuwa hali ya hewa ya zamani: zilikuwapo enzi za ubaridi na unyevu ambapo misitu ilisambaa na kukaribiana, kisha joto na ukame vikaikata vipande vipande, kila mlima ukabaki na ndege wake. Mwaka 1945, Jali Makawa, mkusanyaji hodari wa Nyasaland aliyefanya kazi na Constantine Benson, alimpata ndugu wa yule ndege wetu mwenye mdomo mrefu kwenye uwanda wa juu wa Njesi, Msumbiji, zaidi ya kilomita 900 kutoka Amani. Baina ya sehemu hizo mbili hajapatikana.

Moreau aliporudi Uingereza alihariri jarida la Ibis kwa miaka mingi, akaandika vitabu vinavyotegemewa hadi sasa, na Chuo Kikuu cha Oxford kikampa shahada ya heshima. Alifariki mwaka 1970. Amani yenyewe ilibadilika: watafiti wa kilimo walihamia Muguga, Kenya, na nyumba zao zikachukuliwa na watafiti wa malaria.

Ndipo msitu ukapata majaribu yake makubwa. Viwanda vya mbao vilikata miti ya Kwamkoro na kwingineko, kwa mitambo iliyoletwa kwa msaada wa Finland, hadi katikati ya miaka ya 1980. Msumbuzi mwingine ulikuwa mti wa kigeni, Maesopsis, uliopandwa kujaza mapengo ukasambaa pasipotakiwa, na hondohondo, wanaopenda matunda yake, wakawa wapanzi wake. Chini ya miti mikubwa wanakijiji walilima iliki, iliyosomesha watoto wengi wa Amani. Kelele za wanasayansi na wasiwasi juu ya maji ya Tanga vilisimamisha ukataji wa viwanda, na Finland ile ile ikageuka kusaidia uhifadhi. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ya kwanza ya aina yake Tanzania, yenye eneo la hekta 8,380.

Kwa kuwa nimemtaja yule ndege mwenye mdomo mrefu, nieleze jinsi anavyotafutwa leo. Baada ya enzi ya Moreau, kwa miongo kadhaa alionekana kwa nadra mno. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba hapendi kiini cha msitu chenye giza. Anaishi ndani ya mimea inayotambaa, kwenye mianya ambako mti mkubwa umeanguka na mwanga umeingia, na kandokando ya mashamba ya chai na makazi.

Mwongozaji ninayepanda naye ni kijana wa Kisambaa aliyezaliwa Amani. Tulipofika kwenye mwanya mmoja wa Mbomole upepo ulikuwa umechachamaa, na mimi tayari nilikuwa nimeinua darubini. Akanigusa mkono.

“Mama, usitazame kwanza. Sikiliza upepo ukinyamaza.”

Nikashusha darubini. Upepo huku hauvumi mfululizo. Huja kwa mawimbi, na kati ya wimbi na wimbi kuna utulivu mfupi. Katika utulivu huo ndege huita, kwa sababu nao wanataka wasikike. Tulisimama upande uliokingwa, mgongo kwenye shina, maji yakitiririka kutoka kwenye ukingo wa kofia. Kulukulu alikoroma bondeni. Kisha ukaja mlio mmoja mkali, ukarudiwarudiwa kwa mpigo ule ule, mkubwa kuliko unavyotegemea kutoka kwa kiumbe chenye uzito mdogo kuliko barua.

“Ndiye, Mama. Yuko ndani ya zile tambazi. Hatatoka, ila majani yatatikisika kinyume na upepo.”

Na kweli. Majani yote yalikuwa yakiinamia magharibi, isipokuwa machache yaliyochezacheza kwa mwendo wake yenyewe. Nikayashika kwa darubini. Mdomo ukatokea kwanza, mrefu, ukipekua jani lililojikunja kutafuta mdudu. Kisha kichwa cha rangi ya kutu kilicholowa. Kisha akatoweka.

“Mwanangu, nani alikufundisha kutazama majani hivyo?”

“Wazee walionitangulia, Mama. Nao walifundishwa na waliofanya kazi na Wazungu wa zamani.”

Jibu lile lilinionyesha kwamba elimu ya Salimu Asmani na wenzake haikupotea. Haikuandikwa kwa majina yao, lakini ilishuka kutoka sikio hadi sikio, na leo inawaongoza wageni wanaopanda kilima hiki kutoka kila bara.

Udzungwa nako kuna kisa kinachofanana. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliona ndani ya sufuria ya mboga, kambini mwao, miguu ya ndege wasiyoitambua. Wasaidizi wao Watanzania ndio waliomnasa. Kumbe alikuwa kware wa msituni asiyejulikana kwa sayansi, mwenye jamaa zake wa karibu Asia, na mwaka 1994 akaandikwa rasmi. Aliyetega mtego alikuwa anamjua siku zote. Hakuulizwa mapema.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wenzangu, hasa wale ambao, kama mimi, mshahara wao unatoka kwenye kazi nyingine. Utazamaji wa ndege hauhitaji shahada wala fedha nyingi. Unahitaji uchague mahali pako, hata kama ni mkoko nyuma ya nyumba, na upatembelee majira yote, ya kusi na ya kaskazi, ya masika na ya kiangazi. Andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, ndege uliyemwona au kumsikia, na idadi yake. Kama huna uhakika, andika ulichokiona bila jina. Tangu miaka ya 1980 atlasi ya ndege wa Tanzania imekuwa ikijengwa kwa kumbukumbu za aina hii kutoka kwa watu wa kawaida, na shirika la Nature Tanzania linashirikiana na wanavijiji wa Usambara kulinda makazi ya yule mwenye mdomo mrefu. Kazi ipo, na mlango uko wazi.

Na mwisho wa kila ukurasa andika jina la aliyeona. Kama ni mwongozaji aliyesikia kwanza, andika lake. Kama ni mtoto wa mchuma chai aliyekuonyesha kiota, andika lake kabla ya lako. Historia ya ndege wa Amani imeandikwa kwa miaka zaidi ya 100 ikiwa na mapengo mahali pa majina ya wenyeji. Yaliyopita hatuwezi kuyajaza yote. Yanayoandikwa tangu sasa yako mikononi mwetu, na hatutakuwa na udhuru tukiyaacha matupu.